Ngao Isiyoshushwa

Nyumbani kwetu kalenda haikuwa ya kujua tarehe. Ilikuwa ya kujua ni siku zipi Mama hatakuwepo. Kila kalenda mpya ilipotundikwa, alichukua kalamu nyekundu na kuzizungushia: ishirini na sita Januari, nane Machi, tisa Juni, tisa Oktoba. Watoto wengine wa Kampala walizijua kama sikukuu. Sisi watoto wa kambi ya polisi tulizijua kama siku za uji uliopoa, kwa sababu wazazi wetu waliondoka kabla ya jogoo, viatu vimeng'arishwa tangu jana, wakaenda kusimama juani ili nchi ipate kukumbuka.

Mwaka nchi ilipotimiza miaka hamsini ya uhuru nilikaa mbele ya televisheni ya jirani nikimtafuta. Mistari ya kofia ilipita, mmoja baada ya mwingine, nyuso zote zimegeukia upande mmoja. Nchi nzima ilikuwa inatazama bendera. Mimi nilikuwa natafuta kidevu cha mama yangu. Sikukiona. Aliporudi, akakaa kitandani, akavua viatu, akaniuliza, "Uliniona?" Nikasema ndiyo. Akatabasamu, akanipa soda aliyogawiwa uwanjani, na mimi nikainywa pamoja na uongo wangu.

Mama ni mtu wa Gulu. Baba, aliyefariki nikiwa sekondari, alikuwa Mwislamu wa West Nile, naye pia alikuwa askari. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, hivyo walitongozana kwa Kiswahili cha kambini, Kiswahili cha amri na mzaha, na sisi tukanyonya hicho hicho. Nilipochapisha riwaya yangu ya kwanza, Mama aliisoma yote, kisha akasema Kiswahili changu kimevaa tai.

Alipostaafu tukahamia fleti ndogo Bukoto, ghorofa ya pili. Mwaka juzi, akiwa sokoni anachagua nyanya, kiharusi kikampiga. Mdomo ulirudi baada ya wiki chache. Mguu ulirudi, ingawa kwa kuburuta. Mkono wa kulia ndio uliobaki umelala mapajani kama mgeni asiyejua aondoke lini. Na ilikuwa imebaki miezi kumi kabla ya mwaka wa arobaini wa kundi lake la mafunzo.

Hiyo ndiyo tarehe pekee aliyoizungushia kalamu ya buluu. Haimo katika kalenda ya serikali. Ni siku ambayo yeye na wasichana wenzake walimaliza mafunzo ya polisi, wasichana waliolala bweni moja, vitanda vimebanana hadi mtu akigeuka anamwamsha wa pili. Kila mwaka, siku hiyo, waliobaki hukutana. Hujipanga mstari kwa mpangilio wa vitanda vile vya bwenini, na kiongozi wao, aliyekuwa msimamizi wa bweni na baadaye akapanda cheo kuwapita wote, huziita namba zao za kazi kuanzia kitanda cha kwanza hadi cha mwisho. Anayeitwa hupiga saluti na kusema, "Nipo, afande." Waliokufa nao huitwa. Aliyelala kitanda cha jirani ndiye humpigia marehemu saluti na kusema, "Ninaye, afande."

Mama alikuwa na wawili. Wa kitanda cha kushoto alichukuliwa na maradhi, wa kulia na ajali ya barabarani akiwa kazini. Kwa miaka mingi Mama amekuwa akipiga saluti tatu: moja ya kushoto, moja yake, moja ya kulia.

Lakini desturi yao ina ukali wake. Saluti ni ya kusimama na ni ya mkono wa kulia. Asiyeweza huwekewa kiti, na mwenzake humjibia kama wanavyojibiwa marehemu. Na anayejibiwa hawezi kujibia mwingine. Mama angekalishwa, wale wawili wangehamishiwa kwa mtu aliyelala mbali nao. Mtu huyo asingejua kwamba mmoja alikuwa akikoroma kama pikipiki, wala kwamba mwingine, mwezi wa kwanza wote, alikuwa akinyoosha mkono gizani kuhakikisha kuna mtu pembeni.

Hospitali ilimpa mpira laini wa kuminya. Aliuminya siku mbili, siku ya tatu akaurusha chini ya kabati. Alisema hajawahi kuona mpira ukipona.

Aliyeleta mchezo ni jirani yetu wa chini, Mkongo wa Bukavu anayetengeneza simu na mashine za michezo ya video, mtu wa kwaya, mwenye bisibisi sikioni mahali ambapo fundi seremala huweka penseli. Alikuwa akitoka sokoni Kikuubo kununua vipuri vyake, akapita kumjulia Mama hali, akaukuta mpira chini ya kabati.

"Maman," alimwambia, "mukono inapenda kazi. Mupira si kazi."

Kesho yake akapanda ngazi na mashine kuukuu, akaiunganisha na televisheni yetu, akamwekea Mama pedi mikononi, kile kifaa chenye vitufe na vijiti viwili vidogo vya kusukuma kwa vidole gumba. Akamfundisha: kijiti cha kushoto ni miguu, kijiti cha kulia ni macho, na kitufe cha mbele, chini ya kidole cha shahada cha kulia, ni ngao.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa ufalme uliozimwa jua na joka miaka tisini na tisa iliyopita. Watu wanaishi katika nusu giza, wanahesabu siku. Imetabiriwa kwamba siku ya kutimia miaka mia, mtu mmoja lazima apande kilimani na kuwasha moto, la sivyo jua litasahau njia ya kurudi. Mtu huyo ni mwanamke mwenye upanga na ngao, asiyesema neno. Nilipomsomea Mama maelezo hayo, aliuliza swali moja tu: "Na siku hiyo ya miaka mia, ulinzi umepangwa na nani?"

Mwanzoni ilikuwa huzuni kutazama. Kidole gumba cha kushoto kilifanya kazi, cha kulia hakikusukuma kitu. Kwa hiyo shujaa wetu alitembea, lakini hakuweza kuinua macho. Alivuka msitu, mto na daraja akitazama vidole vyake vya miguu, kama mtu aliyedondosha sindano. Nilikuwa nikipika huku nachungulia skrini, na kila nilipoona ardhi tu, mawe na nyasi na ardhi, nilijua mkono bado umelala.

Kisha siku moja niliona viatu vya watu wengine. Wiki kadhaa baadaye niliona magoti, halafu milango. Sikuhitaji kumuuliza Mama mkono unaendeleaje. Nilitazama tu shujaa anatazama wapi.

Kwenye milango ndipo tukakwama.

Yeyote aliyewahi kucheza michezo ya namna hii anajua kwamba unaingia nyumba yoyote, unavunja mitungi, unafungua masanduku, unajichukulia. Ndivyo ilivyotengenezwa. Ufunguo wa lango la kaskazini ulikuwa ndani ya nyumba ya msagaji unga, na msagaji hayupo. Mama alimfikisha shujaa mlangoni, akasimama.

"Maman, ingia," jirani alisema.

"Mwenyewe hayuko."

"Ndiyo, hayuko. Ingia, beba ufunguo, tuendelee."

"Nina hati ya upekuzi?"

Jirani alinitazama ili nimsaidie. Nilikuwa nacheka, sikuwa na msaada. Akamweleza Mama kwa upole kwamba hao si "batu", ni picha tu.

"Hata picha ina mlango," Mama alisema, akamgeuza shujaa, akarudi barabarani.

Karibu mwezi mzima alifanya doria. Alizunguka kile kijiji asubuhi na alasiri, akasimama mbele ya kila mtu mpaka amalize kusema maneno yake, akarudi nyumbani kwa msagaji kuona kama amerejea. Aliweka daftari, akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikienda kama kuku wamefukuzwa: saa, mahali, tukio. "Kisimani, hali shwari." "Mwanamke mwenye mbuzi analalamika tena." Jirani alisema katika maisha yake hajaona shujaa wa aina hii, joka litakufa kwa uzee. Lakini kila doria ilikuwa kidole gumba kikisukuma macho kushoto, kulia, juu, kushoto. Hakuna mpira ambao ungemfanyisha hivyo.

Kiongozi wa kundi la Mama alikuja Jumapili moja baada ya misa, zikiwa zimebaki wiki tano. Ni mwanamke mrefu, mabega mapana, amestaafu lakini hata ukimwona anamenya ndizi utajua aliwahi kuamuru watu. Mama alijitahidi kusimama. Mgeni alingoja mpaka amesimama kweli, ndipo akamwambia akae.

Alizungusha maneno kidogo, akauliza dawa, akasifu chai yangu. Kisha akasema kilichomleta. Bustani ya Ggaba, kando ya ziwa, imelipiwa. Wataweka kiti kizuri, cha kivuli. Yeye mwenyewe atamjibia Mama, si mwingine.

"Na wangu wawili?" Mama aliuliza.

"Tutawapatia mtu."

Mama alichukua pedi, kama mtu anayeokota kazi yake ya kufuma mgeni anapokuwa mzito, na shujaa akatokea tena mbele ya mlango wa msagaji. Mgeni alitazama muda mrefu. Mwishowe akauliza kwa nini huyo msichana amesimama nje.

Mama alimpa taarifa kama anavyotakiwa askari kumpa mkubwa wake: mahali, kisa, ufunguo, mwenye nyumba kutoonekana.

"Umebisha hodi?"

"Nimebisha, afande. Siku nyingi."

"Umejitambulisha?"

"Hakuna kitufe cha kujitambulisha."

Afande alifikiri. Nafikiri alifikiri kweli, chai yake ikipoa. "Kuna hatari kwa umma?"

"Jua litazimika kabisa, afande."

"Basi ingia. Andika ni mimi nimeagiza."

Mama akaandika kwanza. Ndipo akaingia.

Ndani kulikuwa na giza. Ufunguo haukuwa sandukuni, ulining'inia juu kabisa, kwenye boriti, na ili kuuona ilibidi macho yapande kuliko yalivyowahi kupanda. Niliona kidole gumba cha Mama kikitetemeka kwenye kijiti. Ukuta ulishuka taratibu, rafu, moshi, boriti. Ufunguo. Na hapo hapo mbwa wa majivu akamrukia kutoka pembeni. Mama aliinua ngao. Pigo la kwanza, ngao ikatikisika. La pili. La tatu. Hakuishusha katikati hata kidogo, mpaka mbwa akachoka, akapigwa upanga mmoja akaisha.

"Kwa nini hushushi ukapumzika?" Afande aliuliza. Alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti.

"Kuinua ndiko kunamaliza pumzi," Mama alisema. "Angalia huo mstari wa kijani. Kila ukiinua, unapungua. Ukishainua, kushikilia ni kuvumilia tu. Mimi naweza kuinua mara moja. Mara ya pili, hapana."

Afande alipokuwa akiaga mlangoni alisema kiti atakiacha ndani ya gari, tutaona. Na akamkumbusha Mama kile walichofundishwa siku ya kwanza ya gwaride: mkono huja kwenye uso, uso hauendi kwenye mkono. Mama alisema hajasahau.

Mimi ndiye niliyesahau. Katika wiki zile za mwisho alijaribu saluti mbele ya kioo cha kabati kila baada ya chai. Mara ya kwanza mkono ulifika, taratibu, ukigusa ukingo wa nyusi. Aliposhusha na kuinua tena ulikomea shavuni. Mara ya tatu haukupita bega. Kila siku ilikuwa hivyo hivyo: nyusi, shavu, bega. Siku moja, kwa huruma, nikamwambia ainamishe kichwa kidogo tu kiukute mkono, kwa umbali ule nani ataona?

Aliniangalia kwenye kioo. "Wao wataona," alisema. Sikujua kama anasema wale wazima au wale wawili. Siku ile hakusema nami tena, na nilistahili.

Siku yenyewe ilikuwa na mawingu membamba. Ggaba ilikuwa inanuka moshi wa samaki, wachuuzi wakiitana kule mwaloni, boti zinakoshushia samaki, na sisi tuko upande wa pili wa ua, kwenye nyasi zinazoteremkia ziwa. Wenzake Mama walikuja wamevaa magomesi, yale magauni marefu ya sherehe yenye mabega yaliyochongoka, na suti, lakini kila mmoja amejifunga kitambaa cha buluu shingoni. Walijipanga. Waliacha nafasi. Kila kitanda kisicho na mtu kilikuwa nafasi ya upana wa mtu, na mstari ukawa kama kinywa cha mzee, meno machache na mapengo mengi. Mama alisimama akiwa na pengo kushoto na pengo kulia.

Kiti kilikuwa ndani ya gari. Mlango wa gari ulikuwa wazi.

Afande alisimama mbele yao, karatasi mkono wa kushoto. Aliita, wakajibu, kila mmoja akinyanyua mkono, yeye akirudisha saluti, kisha anashusha, nao wanashusha. Hiyo ni kanuni ambayo hata mtoto wa kambini anaijua: mkubwa ndiye hushusha kwanza. Nilihesabu vitanda vikija kuelekea kwa Mama kama mtu anayehesabu radi.

Akaita namba ya wa kushoto.

Mkono wa Mama uliondoka pajani. Ulipita mkanda, ukapita kifua. Begani ulisimama, na mimi niliona tena ile ardhi, mawe na nyasi. Kisha ukapanda. Kidevu, sikio, nyusi. Kichwa hakikutikisika.

"Ninaye, afande."

Afande akarudisha saluti. Nikangoja ashushe. Hakushusha.

Nilidhani amesahau, ana umri. Nilitaka kukohoa. Halafu, mkono wake ukiwa bado kwenye nyusi, akaita namba ya Mama, na ndipo nikaelewa. Maadamu yeye hajashusha, Mama haruhusiwi kushusha. Na asiyeshusha hahitaji kuinua tena.

"Nipo, afande," Mama alisema. Mkono ulikuwa unatetemeka, lakini ulikuwa mahali pake.

Namba ya tatu ilikuwa upande wa pili wa karatasi. Afande alijaribu kuigeuza kwa vidole vya mkono mmoja, upepo wa ziwa ukaichukua, ikaenda kulala nyasini. Hakuna aliyeinama. Wanawake wale wote walitazama mbele kana kwamba karatasi ile haijawahi kuwepo. Mkono wa Afande nao ulianza kutetemeka, bega lake lina ugonjwa wa siku nyingi, na wale wawili wakabaki wakitazamana, mikono miwili ya kizee ikitetemeka angani. Mimi nilikuwa mtoto tena. Nilitaka kukimbia nikashike kiwiko cha mama yangu.

Afande akaitaja namba ile kutoka kichwani.

"Ninaye," Mama alisema, "afande."

Ndipo Afande akashusha. Ndipo Mama akashusha.

Wakati wa kula, samaki mezani na kelele zimerudi, Afande alikuwa akijikanda bega na kulalamika. "Wewe na ngao yako mtaniua," alimwambia Mama.

"Si mimi, afande," Mama alisema, akitoa mwiba kwa mkono wa kushoto. "Wewe ndiye hukushusha. Ningeshushaje mbele yako?"

Walicheka mpaka mmoja wao akapaliwa, wakampiga mgongoni.

Tulirudi Bukoto alasiri. Jirani alikuwa ameacha chapati mlangoni, zimefunikwa, na hakupanda kuuliza, nadhani alituona kutoka dirishani kwake akajua. Mama alikaa kitandani, akaomba nimsaidie viatu. Nilikuwa nimepiga magoti nafungua kamba aliponiuliza, kwa sauti ile ile ya zamani:

"Uliniona?"

"Nilikuona."

Akaninyooshea mguu wa pili. Mkono wa kulia ulikuwa mapajani, umechoka, vidole vikijikunja na kujikunjua vyenyewe.

"Ile siku ya miaka hamsini," alisema, "nilikuwa nyuma ya jukwaa, nalinda magari ya wageni. Kamera haikufika kule."

Niliinua kichwa. Hakuwa ananitazama. Alikuwa amelivuta daftari lake, anatafuta ukurasa, na kwa mkono wa kushoto, kuku wakifukuzana, akaandika saa, mahali, tukio: "Ggaba. Tumehudhuria wote watatu." Kisha akaniomba pedi. Alisema miaka mia ya wale watu imekaribia kutimia, na kilimani hajaweka mlinzi.